Ukurasa wa Mia na Nne

Kifuniko cha birika kiligonga mara moja jikoni, kisha kikanyamazishwa. Mhakiki alifumbua macho gizani, akajua mumewe amekiwekea kiganja. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na bado yule fundi wa lifti alikuwa tayari kuungua mkono ili mwenzake apate robo saa zaidi ya kulala.

Usingizi wenyewe haukuwepo. Mhakiki aliamka, akajitanda shuka mabegani, akaenda kukaa mezani mbele ya faili aliloliacha wazi tangu jana.

"Nimekuamsha?" mumewe aliuliza.

"Aliyeniamsha ni huyu." Aligonga faili kwa kidole.

"Bado tu Mkunga wako?"

"Bado. Leo saa sita mchana wanataka saini yangu."

Mhakiki alifanya kazi katika kamusi ya mtandaoni. Chini ya kila neno la kamusi ile palikuwa na nukuu kutoka vitabu vya zamani: sentensi yenyewe, jina la kitabu, mwaka, na ukurasa. Watu wa kujitolea ndio waliosoma vitabu na kuleta nukuu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kilicholetwa kimo kweli kitabuni. Ofisini walimwita Mama Ukurasa-Gani. Ukimwambia mvua inanyesha, walisema, atakuuliza imeandikwa ukurasa gani.

Majuma mawili nyuma, kompyuta ilipewa kazi ya kulinganisha nukuu zote na picha za vitabu zilizopigwa na maktaba. Nukuu thelathini na moja hazikuonekana popote. Zote zilitoka kitabu kimoja, cha mashauri ya nyumbani, miongoni mwa vya kwanza kabisa kupigwa chapa, ambacho nakala yake moja tu ilikuwa imebaki. Na zote zililetwa na mtu mmoja, mkunga mstaafu wa miaka sabini na minane.

Mhariri mkuu alishaandika barua. Nukuu zile thelathini na moja zifutwe. Na nyingine mia sita alizoleta Mkunga tangu ujana wake zifutwe pia, kwa sababu aliyetunga moja haaminiki kwa nyingine. Jina lake liwekwe kwenye orodha ya waliofungiwa, inayosomwa na kila anayefungua tovuti. Barua ilikuwa inangoja saini ya Mhakiki tu.

"Na wewe unasemaje?" mumewe aliuliza akimimina chai.

"Nasema nimefungua ukurasa wa mia na nne kwenye picha mara kumi. Mkunga ameleta maneno kuhusu mama aliyejifungua. Mimi ninachoona pale ni dawa ya kupe wa mbuzi."

Mumewe alicheka hadi akaweka birika chini. "Basi huyo mama alijifungulia zizini."

"Usinichekeshe, nina hasira."

"Mimi lifti ikiniambia imefika ghorofa ya tano, siiamini. Nafungua mlango nachungulia." Akavaa viatu, akakifunika kikombe cha mkewe kwa kisahani kisipoe, akaondoka.

Mhakiki alichukua karatasi tupu akaziandika namba za kurasa za nukuu zile, kwa mpangilio. Tisini na saba. Tisini na saba tena. Tisini na nane mara tatu. Aliendelea hadi ya mwisho, mia na kumi na mbili. Hapakuwa na hata moja kabla ya tisini na saba, wala baada ya mia na kumi na mbili.

Kisha akatafuta nukuu nyingine ambazo Mkunga alizitoa katika kitabu hicho hicho. Zilikuwa tisa, kurasa za mbali mbali, mwanzo na mwisho wa kitabu. Akazilinganisha na picha moja moja. Zote tisa zilikuwepo, neno kwa neno, hata nukta.

Alikunywa chai huku akiitazama karatasi. Mtu anayetunga uongo huutawanya usionekane. Huyu ameujaza wote katika kurasa kumi na sita zinazofuatana. Ama si mwongo, ama ni mwongo mvivu kupita wote aliowahi kukutana nao.

Jua lilipotoka alikuwa ameshafika kwa Mkunga.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, chini ya jengo la ghorofa tatu, dirisha likitazama ua ambamo majirani walianika nguo. Mlango ulifunguliwa kabla hajagonga. Mwanamke mfupi, mgongo umenyooka kama rula, alimtazama mikononi kwanza.

"Umekuja na kalamu?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeuliza kalamu. Wenzako wawili walikuja hapa na kalamu na barua ya mimi kukiri. Nikawaambia kalamu yenu nzuri, barua yenu mbaya, rudini navyo vyote viwili."

"Mimi nimekuja na maswali."

"Maswali hayana saini. Haya, kaa."

Alimpa kiti chenye mto, yeye akakalia kile kisicho na mto. Mhakiki aliliona hilo ila hakulisema, maana alijua angejibiwa.

"Mama, kitabu cha mashauri. Ulikiona kwa macho yako?"

"Nilikishika."

"Wapi?"

"Maktaba, chumba cha wasomaji, meza ya dirishani. Miaka thelathini na minne imepita."

"Kadi ulizonakilia nukuu wakati ule zipo?"

Mkunga aliinama chini ya kitanda akavuta maboksi ya viatu, moja baada ya jingine, hadi yakawa manane. Ndani kadi zilipangwa kwa herufi, zimekazwa vizuri zisilegee. Zote zilikuwa za penseli, kwani wino hauruhusiwi katika chumba cha wasomaji. Mwandiko ulikuwa mkubwa, umelalia kulia kama mtu anayewahi gari.

Mhakiki alizitoa zile thelathini na moja, akaziweka mezani. Akainamisha kichwa.

Mwandiko wa kadi hizi haukuwa ule. Ulikuwa mdogo, wa mviringo, umesimama wima. Na kila namba saba ilikatwa katikati kwa kijistari.

"Hizi hukuandika wewe."

Mkunga alisukuma boksi moja kwa mguu.

"Mama, nani aliziandika?"

"Andika kwamba nimekataa kusema."

"Hilo ndilo swali litakalokuangusha. Watasema mtu mwingine alizitunga, akakupa, ukaleta bila kuangalia."

"Basi nianguke na mdomo wangu umefungwa." Alikunja mikono. "Nilikuwa nimevunjika kifundo cha mkono. Niliteleza kwenye ngazi za wodi. Plasta wiki sita, likizo wiki sita. Nikasema sasa ndiyo nitakaa maktaba hadi wanichoke. Mkono wa kushoto hauandiki. Mtu akaniona nahangaika, akakaa kando yangu. Mimi nikasoma kwa sauti ya chini, yeye akaandika. Mtu huyo hakuruhusiwa kukaa pale wala kushika penseli. Nilimwahidi sitamtaja. Nimekaa na ahadi hiyo miaka thelathini na minne, nije niitapike leo kwa sababu ya kompyuta?"

"Kuna hata moja mliyoiongeza? Hata neno moja?"

Mkunga aliinuka, akasimama mbele yake. "Sikiliza, mwanangu. Nimezalisha watoto elfu mbili na kitu. Sijawahi kuandika cheti cha mtoto ambaye hakuzaliwa. Soma hiyo ya juu. Soma kwa sauti."

Mhakiki alisoma. "'Aliyekwisha kujifungua asiulizwe habari ya mtoto kabla hajaulizwa habari ya nafsi yake.' Ukurasa wa mia na nne."

"Nilipoyakuta maneno hayo nilifunga macho palepale mezani. Miaka yote kazini, mama akijifungua, sisi wote macho kwa mtoto. Ana uzito gani, amelia, hajalia. Mama kalala pale kama gunia lililokwisha kumwagwa. Niliporudi wodini nikaanza kuuliza, wewe je, hujambo? Kabla ya yote. Wengine walilia kwa swali hilo tu. Sasa mnaniambia sikuyasoma popote, nimeyatunga. Ningekuwa na akili ya kutunga hayo, ningekuwa nauza vitabu, nisingekuwa naviazima."

Mhakiki aliinua ile kadi. "Naomba niichukue kadi hii moja."

"Ichukue. Lakini andika hapa kwamba umechukua, na saa uliyochukua." Akamsukumia daftari. "Nami niwe na ushahidi wangu."

Mhakiki akaandika. Mkunga aliifunga kadi kwa mfuko wa nailoni, akaukunja mara mbili isipate unyevu.

Saa nne kasoro robo Mhakiki alikuwa maktaba, ghorofa ya chini kabisa, mbele ya kaunta ya ghala la vitabu vya kale. Mtunza ghala alikuwa mama wa karibu miaka sitini, aproni yake ina mifuko mingi, na katika kila mfuko kulikuwa na kitu: brashi, utepe wa pamba, kipande cha mfupa cha kukunjia karatasi.

"Kitabu hicho kimeshapigwa picha," alisema alipoiona fomu. "Kikishapigwa picha hakifunguliwi. Ukitaka kifunguliwe unaandika maombi, kamati inakaa, wiki tatu."

"Nina saa mbili."

"Wiki tatu ni kamati ikiwa na haraka."

Mhakiki alitaka kujibu kwa ukali, akajizuia. Macho yake yalikuwa yamefika nyuma ya mama yule, kwenye rafu ndefu za maboksi. Kila boksi lilikuwa na lebo iliyoandikwa kwa penseli. Mwandiko ulikuwa mdogo, wa mviringo, umesimama wima. Boksi namba sabini na saba. Saba zote mbili zilikatwa katikati.

Alitoa ule mfuko wa nailoni, akaufungua, akailaza kadi juu ya kaunta.

Mtunza ghala aliitazama kwa muda mrefu. Akavua miwani.

"Amenitaja?"

"Amekataa. Amesema heri aanguke na mdomo wake umefungwa."

"Yule mwanamke," mtunza ghala alisema. Akavuta kigoda akakaa. "Nilikuwa mfagiaji hapa, dada. Mfagiaji akikutwa ameketi na wasomaji alikuwa anafukuzwa siku hiyo hiyo. Yeye alikuwa pale dirishani, mkono umening'inia kwenye bandeji, anaandika kwa kushoto, maandishi kama kuku kachakura. Nikaegemeza ufagio ukutani, nikakaa. Mlango ukilia nasimama nafagia. Siku kumi na moja tulifanya hivyo."

"Na mlitunga?"

"Ningetunga nini? Nilikuwa nimeishia darasa la saba. Alinisomea, nikaandika. Neno nisilolijua alilirudia mpaka nikalipata. Mkono wake ulipopona, barua ya kwanza aliyoiandika ilikuwa ya kuniombea mafunzo ya kutengeneza vitabu. Ndiyo maana unaniona nina aproni badala ya ufagio." Akaivaa tena miwani. "Wanamsingizia nini?"

Mhakiki alimweleza. Alipofika kwenye namba za kurasa, mtunza ghala alimkatiza.

"Ukurasa gani mpaka ukurasa gani?"

"Tisini na saba mpaka mia na kumi na mbili."

"Kumi na sita." Mama yule alisema kama mtu aliyesikia mlango ukifunguka chumba cha pili. "Picha unazo hapo?"

Mhakiki alifungua tableti.

"Zamani hawakuchapa ukurasa mmoja mmoja. Walichapa karatasi moja kubwa, wakaikunja, ikatoa kurasa kumi na sita. Karatasi nyingi, kitabu kimoja. Ili anayejalidi asizichanganye, walitia herufi chini ya ukurasa wa kwanza wa kila karatasi. A, B, C, hadi mwisho. Nenda ukurasa wa themanini na moja. Chini kabisa. Unaona nini?"

"F."

"Tisini na saba."

"G."

"Mia na kumi na tatu."

Mhakiki alivuta picha kwa vidole viwili ikawa kubwa. Akaitazama, akarudi nyuma, akaitazama tena.

"I," alisema. "H iko wapi?"

Mhakiki ndiye aliyetangulia kulisema lile baya.

"Huenda iling'oka zamani. Huenda imeibwa. Kama haimo, hatuna cha kuonyesha. Mtu amepoteza kurasa na Mkunga amepoteza jina."

"Nilikijalidi upya mwenyewe miaka mitano iliyopita, mgongo ulikuwa umeachia. Hakukuwa na karatasi pungufu." Mtunza ghala alisimama. "Lakini usiniamini mimi, mimi mshtakiwa mwenzake. Tuangalie."

"Na kamati?"

Mtunza ghala alivuta daftari la kufungulia vitabu. Penye tarehe akaandika tarehe. Penye sababu akaandika: kuangaliwa afya. "Mimi ndiye daktari wake," alisema. Penye jina akaandika jina lake lote, kwa herufi kubwa, akapiga na mstari chini. "Miezi minne nastaafu. Wakinifukuza leo nitakuwa nimewahi kupumzika. Nawa mikono, dada. Sabuni iko kwenye sinki."

Kitabu kilikuwa kidogo, cha kushikika kwa mkono mmoja. Mtunza ghala alikilaza juu ya mito miwili, akakifungua taratibu kama anayemfunua mtoto aliyelala. Themanini na moja, F. Tisini na saba, G, ufugaji wa mbuzi. Mia na nne, dawa ya kupe. Mia na kumi na mbili.

Akageuza.

Tisini na saba. Chini yake, H.

Ukurasa baada ya ukurasa walikwenda, tisini na nane ya pili, tisini na tisa ya pili, mpaka mia na nne ya pili. Mstari wa sita kutoka juu. Aliyekwisha kujifungua asiulizwe habari ya mtoto. Aliiweka kadi kando, bila kugusa kitabu. Neno kwa neno.

"Wapanga herufi wawili," mtunza ghala alisema polepole. "Kila mmoja alipewa karatasi yake, na kila mmoja akadhani yeye ndiye anayeanzia tisini na saba. Mkuu wao hakuona. Sisi tuliandika namba iliyopo kwenye ukurasa. Tungeandika ipi nyingine?"

"Nani alikipiga picha?"

"Fundi wa skana. Mlango wa pili kushoto."

Fundi alikuja amevaa vipokea sauti shingoni, kijana wa miaka thelathini hivi, mpole. Alipoona kitabu kiko wazi alishtuka, lakini hakuuliza kamati.

"Kitabu hiki ulikipiga wewe?" Mhakiki alianza.

"Ni mimi."

"Ulitoa picha ngapi?"

Alitazama rejista kwenye simu yake. "Kurasa mia mbili na arobaini."

"Humu mna mia mbili hamsini na sita. Kumi na sita zimekwenda wapi?"

"Aa, hizo! Hizo zilikuwa za kujirudia. Mashine ililia, namba zimerudiwa. Mwongozo wetu unasema namba ikirudiwa, picha ya pili ifutwe. Huwa mtu amepitiwa, amepiga ukurasa mmoja mara mbili."

"Uliziangalia kabla ya kuzifuta?"

"Mwongozo haukusema niziangalie."

"Ziangalie sasa."

Fundi aliinama. Alisoma ukurasa wa mia na nne wa kwanza, kisha wa pili. Alipoinua uso ulikuwa umebadilika.

"Siyo hiki peke yake," alisema.

"Unasemaje?"

"Nilichofuta kwa sababu hiyo. Niliviorodhesha, huwa naorodhesha kila kitu." Akawageuzia simu. "Vitabu kumi na kimoja."

Mhakiki alikaa chini. Mwaka huu peke yake wachangiaji wengine wanne walikuwa wamefungiwa kwa kutunga nukuu. Barua zao zilipita mezani kwake. Alizisaini zote nne, kwa picha hizi hizi, bila kufungua kitabu hata kimoja.

"Mwongozo uliandikwa na nani?" aliuliza, ingawa alishahisi.

"Mhariri mkuu wenu, maana picha zilipigwa kwa ajili ya kamusi. Saini yake iko ukurasa wa nyuma." Fundi alikuwa ameshaanza kuvaa glavu. "Nizipige tena hizi sasa? Sitachukua dakika ishirini. Nitaziangalia moja moja."

"Zipige," Mhakiki alisema. "Na ahsante kwa kutoficha ile orodha."

Saa sita kamili alisimama mbele ya meza ya mhariri mkuu. Barua ilikuwa imelazwa katikati, kalamu juu yake.

"Karibu. Nilianza kudhani hutakuja."

"Sitasaini."

Alimweleza yote, tangu namba kumi na sita mpaka herufi H. Hakuharakisha. Mhariri mkuu alisikiliza akipapasa kidevu. Picha mpya alizitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sawa," alisema hatimaye. "Ni hitilafu ya mitambo. Tutazirudisha nukuu kimya kimya. Lakini kadi ziliandikwa na mtu asiyeruhusiwa, hivyo jina la mchangiaji tutaliacha wazi. Na hao wanne wengine tusiwafufue. Watu wameshasahau."

"Wao hawajasahau."

"Nani alikuruhusu kufungua kile kitabu?"

"Sikuomba ruhusa. Andika ni mimi."

"Unajua jambo hili likitoka, jina langu litasemwaje?"

"Litakaa mtandaoni kama lilivyotaka kukaa la Mkunga. Tofauti ni kwamba lako mtu akiuliza limeandikwa wapi, ataonyeshwa. Ukurasa wa nyuma wa mwongozo."

Mhariri mkuu aliinuka nusu. "Kamati lazima ikae kwanza."

"Ikae." Mhakiki alikuwa amekwisha kufungua tableti. "Lakini kitufe cha kuthibitisha nukuu mlinipa nyinyi, na hamkunipa na kamati."

Akaanza palepale, amesimama. Nukuu ya kwanza: ukurasa wa 97, wa pili, karatasi H. Imethibitishwa. Nukuu ya pili. Ya tatu. Mhariri mkuu alisema ngoja kwanza, akasema tuzungumze kama watu wazima, akasema hii ni dharau. Mhakiki hakuinua macho. Alikuwa akisoma kila nukuu hadi mwisho kabla ya kubonyeza, kama inavyotakiwa. Ya kumi na tano. Ya ishirini na mbili. Mahali fulani katikati mhariri mkuu alikaa chini. Ya thelathini na moja ilipopita, kiyoyozi tu ndicho kilichokuwa kikinguruma.

"Majina ya kadi zile ni mawili," Mhakiki alisema. "Aliyesoma na aliyeandika. Nimeyaweka yote. Na zile barua nne zina saini yangu, hivyo kosa ni langu pia, na nitaanza kwa kwenda kuwaomba radhi mwenyewe. Wewe ukitaka kuja, njoo. Usipotaka, nitawaambia ulialikwa."

Mhariri mkuu aliivuta barua kutoka katikati ya meza. Aliishika muda mrefu. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti lake, na hakusema ataifanya nini. Mhakiki hakungoja kujua.

Alasiri Mkunga alikuwa uani akianua nguo za jirani ambaye hakuwepo, zisije zikalowa. Alimwona Mhakiki, akaendelea kukunja shuka hadi pembe zikakutana.

"Wamenifungia?"

"Hapana, mama."

"Wamenisamehe?" Aliuliza kwa sauti kali, kwa kuwa hilo angelikataa.

"Hakuna wa kukusamehe. Kurasa zilikuwepo. Ni sisi tuliozitupa." Akamwonyesha kioo cha tableti.

Mkunga alivaa miwani. Hakusoma sentensi kwanza, alisoma kilicho chini yake: kitabu, mwaka, ukurasa wa 104, wa pili. Kisha majina mawili. Mbele ya la kwanza paliandikwa mkunga. Mbele ya la pili paliandikwa mfagiaji.

"Mbona hivi? Yule sasa ni mkubwa pale maktaba."

"Nilitaka kuandika mtunza ghala. Akanikatalia. Amesema siku anaziandika kadi zile alikuwa mfagiaji, na wasome hivyo hivyo kwamba mfagiaji ndiye aliyeandika. Amesema pia kwamba yeye anamdai kumbatio mtu aliyebaki na ahadi yake miaka yote hiyo, na atakuja kulichukua Jumapili."

Mkunga aligeuka akaitazama kamba ya nguo, ingawa haikuwa na nguo tena. Alikaa hivyo kidogo, mgongo wake umenyooka. Kisha akalichukua kapu la nguo akaliweka mlangoni kwa jirani, akasawazisha ile ya juu.

"Na wewe, hujambo?" aliuliza.

Mhakiki hakuwa ameulizwa hilo siku nzima. Alifungua mdomo kusema sijambo, akaona ajibu kweli. "Kuna watu wanne niliowatia saini ya uongo, mama. Kesho naanza na wa kwanza. Sijui nitasema nini mlangoni."

"Utasema ulichofanya. Wakikufukuza, utarudi kesho yake." Alimshika kiwiko. "Wana watu wa kukaa nao, hao wanne? Maana mimi majuma haya mawili, hata waliokuwa wakija kuazima chumvi hawakuja."

"Sijui."

"Basi nenda kwao kwanza. Mimi nitangoja, nimezoea kungoja." Hakuachia kiwiko. "Lakini ukimaliza nao, uje tena hapa. Usije na faili. Njoo tu, tukae."